Vuta N'kuvute: Riwaya ya Kiswahili hupata nafasi moja tu ya kuwa filamu

FILAMU mpya ya Wuthering Heights ilipofika katika majumba ya sinema Februari 2026, ubishi ulikuwa umekwisha kupamba moto hata kabla ya watu kukata tiketi. Mwelekezaji Emerald Fennell alimpa Jacob Elordi nafasi ya Heathcliff, na Margot Robbie ile ya Catherine. Wasomaji wengi wa riwaya hiyo ya Emily Brontë, iliyochapishwa mwaka 1847, walilalama kuwa Heathcliff wa kitabuni ni mtoto wa kuokotwa mjini Liverpool, mweusi wa sura na asiyejulikana asili yake, na kwamba kumfanya Mzungu kama Wazungu wengine ni kumnyang'anya sababu ya kuteswa kwake.

Lalama hizo zina uzito, lakini Brontë hana haja ya kutetewa. Mwaka 1939, William Wyler aliigeuza riwaya hiyo hiyo kuwa filamu na kuitupa nusu yake nzima, ile inayohusu watoto wa wahusika wakuu. Mwaka 2011, Andrea Arnold alimteua mwigizaji mweusi kuwa Heathcliff. Asiyeridhika na filamu ya mwaka huu anaweza kuitafuta ya zamani, au akasubiri nyingine, maana bila shaka itakuja.

Riwaya ya Kiswahili haina anasa hiyo. Ikibahatika kugeuzwa filamu, hubahatika mara moja, na kile kitakachokatwa siku hiyo huenda kisionekane tena na macho ya watazamaji. Ndiyo maana kisa cha Vuta N'kuvute kinastahili kujadiliwa kwa kina kuliko kilivyojadiliwa hadi sasa.

Riwaya hiyo ya Adam Shafi, mwandishi aliyezaliwa Unguja mwaka 1940, ilichapishwa na Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam mwaka 1999. Shafi alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978 na Kuli ya 1979. Nchini Tanzania, Vuta N'kuvute imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita kama kitabu cha kutahiniwa, na walimu wa fasihi wa pande zote za mpaka huitaja miongoni mwa riwaya bora za mapenzi katika lugha hii.

Mwaka 2021, mwelekezaji wa Tanzania Amil Shivji aliizindua filamu yenye jina hilo hilo katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, Canada. Mwaka uliofuata, Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, kitengo cha filamu za kimataifa. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa imewasilisha filamu moja pekee, Maangamizi, mwaka 2001. Filamu ya Shivji haikuingia katika orodha ya mwisho ya wawaniaji, lakini ilikuwa imefika mahali ambapo riwaya za Kiswahili hazijazoea kufika.

Kitabu chenyewe kinasimulia habari za Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja anayeozwa akiwa na umri wa miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kuwa babu yake. Raza anamchukua mkewe hadi Mombasa, na huko Yasmin anachoka. Anamtoroka mumewe na kurejea Unguja, ambako jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, asiyekuwa na udugu naye wala rangi moja naye.

Ni katika maisha hayo mapya ambapo Yasmin anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi akiwa amejaa fikra za ukombozi. Serikali ya kikoloni inamwona Denge kuwa hatari na kumwandama usiku na mchana. Inspekta Wright, afisa wa polisi wa Kiingereza, anajaribu kumtumia Yasmin ili kumnasa mpenzi wake. Kutokea hapo mapenzi na siasa vinasukwa pamoja hata msomaji asiweze kuvitenganisha.

Jina la kitabu linatokana na mvutano huo. Yasmin anavutwa na mila za ukoo wake na anavutwa na moyo wake. Denge anavutwa na chama na anavutwa na mwanamke. Na nchi nzima inavutwa huku na huku katika muongo wa 1950, miaka michache kabla ya uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964.

Sasa, filamu ina dakika 92. Kitabu kina kurasa zaidi ya 200. Hapana mtengenezaji filamu awezaye kukipakia chombo hicho mzigo wote huo kisizame, na asiyelikubali hili asiende kutazama filamu yoyote iliyotokana na kitabu. Shivji aliuandika mswada wake pamoja na Jenna Cato Bass, mtengenezaji filamu wa Afrika Kusini. Walilazimika kuchagua. Swali la haki ni moja: walipochagua, hadithi ilibaki kuwa ya nani?

Muhtasari wa filamu uliosambazwa kwa watazamaji wa kimataifa unaeleza kwamba Denge, mpigania uhuru kijana, anakutana na Yasmin usiku wa manane, wakati binti huyo yuko njiani kwenda kuozwa. Kwa mtazamo wa sinema huo ni ufunguzi wenye mvuto mkubwa. Kuna usiku, kuna vichochoro vya Unguja, kuna bibi harusi na kuna kijana anayewakimbia askari. Wapenzi wanaonana mapema, na mtazamaji anajua mara moja amfuate nani.

Lakini katika riwaya mambo hayaendi hivyo. Yasmin anaolewa, anakaa na mumewe, anavuka bahari hadi Mombasa, anaamua kuondoka, anakataliwa kwao, anapewa hifadhi Ng'ambo, na hayo yote yanatokea kabla hajamfahamu Denge. Huo mpangilio una maana yake. Yasmin wa Shafi anakata shauri la kuikimbia ndoa ile bila ya kuwa na Denge upande wa pili anayemsubiri. Uamuzi ni wake, na hasara ni yake.

Kumleta Denge mwanzoni kunabadilisha uzani wa jambo hili. Hata mwigizaji angejitahidi vipi, mtazamaji aliyezoea filamu za mapenzi atadhani binti ametoroka kwa sababu amemwona kijana mzuri. Aidha, katika jamii ya pwani, binti aliyetoroka kabla ya harusi na mke aliyemtoroka mumewe hawahukumiwi kwa mizani moja. Wa kwanza ni mtoto mkaidi. Wa pili amevunja ndoa, ameaibisha koo mbili, na mlango atakaoubisha usiku atakuta umefungwa. Riwaya inajua hivyo, na ndiyo sababu ukarimu wa Mwajuma ndani yake unakuwa mkubwa kiasi kile.

Hapa ndipo filamu inapopungukiwa, na si kwa sababu imekiasi kitabu. Imekosea kwa kuchukua njia ya mkato katika sehemu ambayo ndiyo moyo wa hadithi. Safari ya Mombasa ingeweza kupunguzwa ikawa dakika tano, na dakika hizo tano zingetosha kuufanya uhuru wa Yasmin uonekane kuwa wake mwenyewe.

Hata hivyo, filamu ina mahali ambapo imekipita kitabu, nako ni katika taarabu. Nafasi ya Mwajuma alipewa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar kwa maisha yake ya kweli. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko mwingine wowote katika filamu nzima.

Sababu yake ni hii. Mapenzi katika fasihi ya Kiswahili hayasemwi waziwazi. Husemwa kwa mafumbo, kwa jicho, kwa kanga iliyovaliwa siku fulani na mtu fulani akiwa anapita. Mwandishi wa riwaya ana msimulizi wa kumweleza msomaji yaliyomo moyoni mwa mhusika. Kamera haina msimulizi. Ina uso tu, na uso wa binti wa miaka ya 1950 aliyelelewa kwa haya hausemi mengi. Taarabu ndiyo lugha ambayo watu wa pwani wameitumia kwa zaidi ya karne moja kusema hadharani yale ambayo mdomo mtupu hauwezi kuyatamka. Tangu Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, sauti ya mwanamke wa Ng'ambo imekuwa na ruhusa ya kusema mapenzi na pia kuwasema wakubwa. Filamu ilipoikabidhi taarabu kazi ya msimulizi, ilikuwa imefahamu vyema inasimulia habari za watu gani.

Kadhalika, Yasmin aliigizwa na Ikhlas Gafur Vora na Denge akaigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika, na wote wanazungumza Kiswahili. Huenda mtu akaliona hili kuwa jambo dogo. Lakini mwaka 2013, Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie ilipogeuzwa filamu na Biyi Bandele, mapenzi ya wahusika wa Kiigbo yalizungumzwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo Bandele hakulaumiwa sana. Katika Vuta N'kuvute, lugha ndiyo mali yenyewe. Kumtongoza mtu kwa Kiswahili na kumtongoza kwa lugha nyingine ni shughuli mbili tofauti.

Suala la mahali nalo lilikuwa na mitego yake. Riwaya ya Shafi imegawanya mji mara mbili: upande wa Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, na upande wa Ng'ambo wenye vibanda vya udongo na makuti, mahali pa mahamali, vibarua na watumishi. Mji Mkongwe umehifadhiwa. Uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mtengenezaji filamu akiondoa nyaya za umeme na mabango ya watalii, anaweza kuipata sura ya miaka ya 1950 bila tabu kubwa. Hata huko mambo yanabadilika, kama lilivyothibitisha jengo la Beit al-Ajaib lililoporomoka kwa sehemu Desemba 2020.

Ng'ambo ni habari nyingine. Baada ya Mapinduzi, sehemu kubwa ya mitaa hiyo ilibomolewa na mahali pake pakajengwa magorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Serikali ilitaka maskini wapate nyumba za kisasa, na wengi walizipata. Lakini kwa anayetaka leo kuipiga picha Ng'ambo ya Mwajuma, historia ya wanyonge imebaki bila kuta, ilhali ya matajiri bado imesimama na milango yake ya nakshi. Filamu yoyote ya kihistoria kuhusu Unguja inavutwa na mambo hayo kuelekea upande wa matajiri, atake asitake mwelekezaji. Shivji anastahili pongezi kwa kung'ang'ania kuitafuta Ng'ambo.

Kuna mvutano mwingine ambao wahakiki wa nje waliishangilia filamu hii bila kuugusa sana. Walisifu mapenzi ya kijana Mwafrika na binti wa Kihindi kuwa picha ya umoja. Kwa mtazamaji wa Toronto hilo linatosha. Kwa mtazamaji wa Unguja, mapenzi ya rangi mbili si jambo jepesi hivyo. Mwaka 1970, chini ya utawala wa Rais Abeid Karume, wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali ya Mapinduzi, kwa jina la kuondoa ubaguzi. Tukio hilo lilitangazwa na vyombo vya habari vya dunia wakati huo na lilichangia kuzihamisha familia nyingi za Waasia kutoka visiwani.

Shafi aliandika huku akiyajua hayo. Yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, na maisha ya jela ndiyo yaliyozaa riwaya yake ya Haini ya mwaka 2003. Alipomwandika Yasmin, binti wa Kihindi anayemchagua mwenyewe mwanamume asiye wa kabila lake na kuikataa ndoa aliyopangiwa na wazee, alikuwa akiwajibu wengi kwa wakati mmoja: wazee wa jamii ya Kihindi walioozesha watoto, wakoloni waliotenga watu kwa rangi, na waliokuja baadaye wakadhani umoja huweza kuamrishwa. Riwaya haiwapi Yasmin na Denge nyumba ya kuishi pamoja raha mustarehe. Njia zao zinatengana. Mtu akiisoma mwisho wake akijua yaliyotukia Unguja baada ya 1964, anaelewa kwa nini mwandishi hakuthubutu kuwafungisha wapenzi wake harusi ya furaha.

Filamu inaishia kabla ya kivuli hicho, na pengine haikuwa na budi. Lakini mwalimu atakayeitumia darasani atafanya vyema akiwaambia wanafunzi wake yaliyofuata.

Tukiacha yaliyomo ndani ya filamu, kuna suala la nani aliyeilipia. Katika kumbukumbu zake rasmi, Vuta N'kuvute inatajwa kuwa ya Tanzania, Afrika Kusini, Ujerumani na Qatar. Mtayarishaji mmoja alikuwa Steven Markovitz wa Afrika Kusini, aliyeshirikiana na kampuni ya Shivji, Kijiweni Productions. Kenya inaufahamu utaratibu huu. Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga, iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa Oscar mwaka 2012, ilitokana na mradi uliofadhiliwa kutoka Ujerumani.

Si haki kuwabeza wafadhili hao. Bila wao filamu isingekuwepo, kwani mabenki ya Nairobi na Dar es Salaam hayakopeshi fedha kwa dhamana ya hadithi ya mapenzi. Lakini fedha ya mfuko wa utamaduni wa nchi za nje huja na msomaji wake. Mswada husomwa kwanza na jopo lisilojua Kiswahili, linaloupima kwa tafsiri, na linalotaka kuielewa hadithi katika kurasa chache za mwanzo. Jopo kama hilo linahitaji Denge na Yasmin wakutane mapema. Halina subira ya kungoja Mombasa. Si lazima mtu yeyote aamuru kitu kikatwe ili kikatike. Mwandishi mwenyewe hujua mlango ulivyo mwembamba na kuupunguza mzigo wake kabla ya kuufikia.

Halafu kuna watazamaji. Unguja ya miaka ya 1950, ile ile ya Yasmin, ilikuwa na wapenzi wa sinema wasio na mfano katika pwani hii. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi familia nzima zilivyojipamba siku za mapumziko kwenda kutazama filamu za Kihindi, na jinsi Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilivyozungumzwa na kuimbwa kwa miaka mingi. Vijana wa Kiswahili walijifunza kutoka kwa filamu hizo kwamba mtu anaweza kumpenda asiyeruhusiwa kumpenda. Yasmin na Denge ni watoto wa kizazi hicho. Ni ajabu kidogo kwamba kizazi kilichokuwa na majumba ya sinema kama Majestic na Cine Afrique hakikuwa na filamu ya Vuta N'kuvute, na kizazi kilichopata filamu yake hakina tena majumba hayo. Kumbi nyingi za pwani, Unguja na Mombasa pia, zimekuwa maduka, maghala au mahali pa ibada.

Matokeo yake ni kwamba filamu iliyotengenezwa kuhusu Ng'ambo ilionekana kwanza na watu wa Toronto, na safari yake kubwa imekuwa katika matamasha. Mahali ilipooneshwa Afrika Mashariki, kiingilio na umbali wa kumbi za kisasa zilizomo ndani ya maduka makubwa ya kifahari viliwaacha nje walio wengi. Wanafunzi wanaokisoma kitabu ili wafaulu mtihani ndio hadhira kubwa na ya hakika kuliko zote, na ni wao ambao mikataba ya usambazaji huwa haiwataji.

Nchini Kenya, hesabu hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 2023 watahiniwa wa KCSE walizidi 900,000, na somo la Kiswahili, pamoja na riwaya teule, ni la lazima kwa kila mmoja wao. Kwa miaka mingi vikundi vya waigizaji vimekuwa vikizunguka kutoka shule moja hadi nyingine kuigiza vitabu hivyo jukwaani, na kila mwanafunzi hutoa hela zake. Soko lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kulipima kwa hesabu za filamu.

Chukua mfano wa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996 na kusomwa na vizazi kadhaa vya Wakenya. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka mpaka na kufika Kitale akimtafuta babake, na kando ya safari hiyo kuna mapenzi yake kwa Vumilia, ambayo wasomaji wengi huyakumbuka kuliko mengine yote. Ni hadithi inayotaka bahari na milima, Kiswahili cha Tanga na Kiswahili cha bara. Walibora alifariki Aprili 2020. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya fasihi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, yaani hadi mwisho wa 2070 kwa kazi zake.

Hapo ndipo tofauti na Brontë inapojitokeza tena. Yeyote anayetaka kuigeuza Wuthering Heights kuwa filamu haombi ruhusa ya mtu wala halipi senti, kwani kitabu kimekuwa cha umma tangu zamani. Anayetaka riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970 au 1990 lazima amwendee mwandishi au warithi wake, na mara nyingi mchapishaji pia, kwa sababu mikataba mingi ya uchapishaji ina kifungu cha haki za ziada ambacho mwandishi alikitia sahihi zamani bila kukisoma vizuri.

Utaratibu wa kawaida wa biashara hii ni mtayarishaji kulipa ada ndogo ili ashikilie haki ya kitabu kwa kipindi maalumu, mathalani mwaka mmoja au miezi 18, huku akitafuta fedha. Akizipata, analipa bei kamili. Asipozipata, haki hurudi kwa mwenyewe. Hatari iko kwa mwandishi anayeuza haki zote kwa mara moja, bila kikomo cha muda, kwa sababu amefurahi kuona kuna anayekitaka kitabu chake. Filamu isipotengenezwa, riwaya hukaa kifungoni. Filamu mbaya ikitengenezwa, hakuna atakayeweza kutengeneza nyingine nzuri bila ya kumpigia magoti aliyenunua.

Bodi na mashirika yanayosimamia filamu na hakimiliki, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, yametumia nguvu nyingi kuamua ni mapenzi gani yasioneshwe. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilipigwa marufuku nchini Kenya Aprili 2018, mwezi mmoja kabla ya kuoneshwa Cannes. Nguvu kama hizo hazijaonekana katika kuwasaidia waandishi kuelewa wanachouza. Mkataba mfupi wa mfano ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye kifungu cha muda, kifungu cha lugha itakayotumika na kifungu kinachomlazimu mtayarishaji kuionesha filamu shuleni kwa bei nafuu, ungegharimu mshahara wa wakili mmoja kwa wiki chache.

Kuhusu Vuta N'kuvute yenyewe, sura za Mombasa bado ziko pale zilipo katika kitabu, na mtu akipenda anaweza kuzitengenezea mfululizo wa televisheni wenye saa nyingi kuliko zile dakika 92. Bwana Raza ana duka lake, mkewe yumo ndani ya nyumba katika mji wa ugenini, na hajakutana bado na Denge.